Wifi Kutoka Mysuru

Saa saba kasoro mchana simu ya mezani ililia, na Lavina Pinto akaipokea macho yakiwa bado kwenye kompyuta. Aliyepiga alikuwa mlinzi wa getini.

"Dada Lavina, una mgeni huku chini. Mama mmoja. Anasema ametoka Mysuru."

Vidole vya Lavina vilisimama juu ya vibonye. Huko Mysuru hakuwa na ndugu wala rafiki. Aliowafahamu walikuwa wawili tu, nao aliwafahamu kwa picha na kwa hadithi: mama yake Pranesh, na Vasudha, dada yake Pranesh. Katika miaka mitatu ya mapenzi yao hakuwahi kuwatia machoni hata siku moja.

Aligeuka kukitazama kiti cha Pranesh, hatua sita kutoka kwake. Kilikuwa kitupu. Koti lake la kijivu lilining'inia mgongoni mwa kiti, na kikombe chake kilikuwa na tone la kahawa lililoganda. Mwenyewe alikuwa orofa ya juu tangu saa nne, amefungiwa chumbani na wateja wa benki wasioishiwa na maswali.

Kazini walijuana kwa ugomvi. Pranesh alikuwa anaandika programu, Lavina alikuwa mkaguzi wa kutafuta kasoro, na kasoro ya kwanza aliyomrudishia Pranesh waliigombania siku tatu. Siku ya nne kijana alimjia na vikombe viwili vya kahawa akasema, "Umeshinda. Nilikosea. Na kama unataka kujua, sijawahi kufurahi kukosea kama leo." Tangu siku ile kahawa ya saa tano waliinywa pamoja.

Lavina alishuka ngazi akijitengeneza nywele.

Mgeni alikuwa amesimama kivulini karibu na kibanda cha mlinzi. Alivaa sari ya pamba ya kijani, na nywele zake alizipachika kikuba cha yasmini kilichoanza kunyauka kwa safari. Ncha ya sari alikuwa ameizungusha begani akaishika kwa vidole viwili chini ya sikio la kushoto, kama mtu anayezuia upepo. Upepo haukuwepo. Lavina akakumbuka: kovu. Pranesh alimwambia zamani kwamba dada yake aliungua utotoni, ajali ya jikoni.

"Wewe ndiye Lavina," mgeni akasema.

"Ndiyo, dada. Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Picha zinakuonea, kumbe. Mtu mwenyewe ni mzuri hivi!"

Lavina alicheka kwa haya. "Pranesh hakuniambia kama unakuja. Ngoja nimtumie ujumbe ashuke."

"Usimwambie!" Vasudha akamshika mkono. "Hajui kama niko hapa. Hata nyumbani hawajui. Shuleni nimeaga kwamba jino linaniuma. Mwalimu mzima wa hesabu, nimemdanganya mwalimu mkuu macho makavu."

Wakavuka barabara hadi kwenye mgahawa mdogo uliojaa wafanyakazi wa makampuni ya Bengaluru, kila mmoja na kitambulisho chake shingoni, wengi wakila kwa kusimama. Lavina alipata meza ya pembeni yenye viti. Akaagiza kahawa mbili na dosa, chapati nyembamba ya unga wa mchele. Vasudha hakuigusa dosa.

"Wifi yangu," akaanza. "Acha nikuite hivyo. Hivi Pranesh amekueleza habari za Jayanth?"

"Jayanth ni nani?"

Kikombe cha Vasudha kilibaki hewani. Alikirudisha mezani taratibu, akalitazama povu la kahawa.

"Mungu wangu. Kumbe hajakwambia."

"Kuniambia nini, dada? Unanitisha."

"Usitishike. Sikuja kwa shari." Alivuta pumzi. "Mimi wachumba wamekuja kunitazama mara kumi na moja, Lavina. Unajua mambo yetu. Watu wanakuja, tunawapikia uji mzito wa ngano na halua, wanakunywa kahawa, naambiwa niimbe, naimba. Wanasifu sauti. Baada ya siku tatu wanapiga simu: nyota hazikuendana. Mara kumi na moja nyota zimekataa. Mama yangu akawa anazilaani nyota, mimi nikawa nacheka, maana kioo ninacho."

Lavina alimsogezea sahani ya dosa.

"Jayanth ni wa kumi na mbili. Anafanya kazi posta. Si mrefu, si tajiri, na nywele zinamtoka mbele. Alikuja na wazazi wake, akakaa kimya mpaka wakamuuliza kama ana swali. Akaniuliza kama jua likiwa kali hapa shingoni panauma. Nikasema ndiyo, panauma. Akamgeukia baba yake akasema, basi harusi tuifanye wakati wa baridi."

Vasudha alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Wazee wakakubaliana. Halafu baba mdogo wa Jayanth akapata habari kwamba Pranesh anataka kuoa binti Mkristo wa Mangaluru. Wakarudi. Wakasema, Vasudha tunampenda, hatuna neno naye. Lakini nyumba ambayo kijana wake ameoa nje ya watu wake, sisi hatuwezi kuchukua mke humo. Kaka akioa huko, harusi hapa hakuna."

"Lini hiyo?"

"Mwezi wa nane, mwanzoni."

Lavina alihesabu kimoyomoyo. Mwezi wa kumi ulikuwa unaishia. Katika miezi hiyo walikwenda kutazama nyumba ya kupanga. Walibishana kuhusu rangi ya mapazia. Pranesh alimshika mkono mbele ya mwenye nyumba akasema, "Anachotaka mke wangu ndicho hichohicho."

"Na Pranesh anajua?"

"Alikuwepo sebuleni, Lavina. Yeye ndiye aliyewafungulia mlango."

Mhudumu akapita na trei, akauliza kama wanaongeza chochote. Lavina akatikisa kichwa.

"Na Jayanth mwenyewe anasemaje?"

"Jayanth amepambana na baba yake mpaka mzee akalazwa kwa presha. Nikamwambia aache. Siwezi kuingia nyumba ya watu kwa kupitia jeneza la mzee wao." Vasudha aliinama mbele, na macho yake yalikuwa yale yale ya Pranesh, makubwa na yenye kope nzito. "Sasa sikiliza kilichonileta. Nitamkataa Jayanth. Jumapili wanakuja kusikia neno la mwisho, nami nitawaambia mwenyewe. Nina miaka thelathini na tatu, nina kazi yangu, nina watoto sitini darasani wanaonisumbua vya kutosha. Nyinyi oaneni. Nimetaka uyasikie kinywani mwangu, usije siku moja ukayaokota pembeni ukadhani wifi yako alikuchukia."

"Dada Vasudha..."

Simu iliita ndani ya mkoba. Vasudha alilitazama jina, akataka kuikata.

"Pokea tu," Lavina akasema.

"Si muhimu."

"Pokea, dada."

Vasudha akapokea, akageuza uso kidogo upande wa dirisha.

"Hujambo... Ndiyo, nimekula. Wewe umekula?... Nitakuwa wapi tena, niko shule. Kelele za watoto hizo." Alisikiliza. Tabasamu lilianza pembeni mwa midomo likapanda polepole hadi machoni. "Acha maneno yako. Dawa ya kikohozi umekunywa? Usinidanganye. Mimi ni mwalimu, waongo nawajua kwa sauti... Haya. Haya. Jioni."

Vidole vyake vilikuwa vimeiachia sari. Nguo iliteleza begani, na kovu likabaki wazi mchana kweupe, kuanzia nyuma ya sikio mpaka kwenye mfupa wa shingo, limekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Vijana wawili wa meza ya jirani walitazama, wakageuza macho. Vasudha hakuwa na habari nao. Alikuwa bado anaitazama simu iliyokwisha kukatika.

Lavina alimtazama mwanamke yule aliyesahau kujificha. Alijua tayari. Hakutaka kujua, lakini alijua.

Alimpandisha bajaji ya kwenda stendi, akampatanishia bei mwenyewe. Kabla bajaji haijaondoka, Vasudha alitoa kichwa nje.

"Usimgombeze sana. Ana moyo laini yule, tangu utoto."

"Sitamgombeza," Lavina akasema. "Na Jumapili usiseme neno lolote mpaka uzungumze nami. Niahidi, dada."

"Kwa nini?"

"Niahidi tu."

*

Saa kumi na moja jioni Pranesh alimkuta kwenye ngazi za nje, zile za dharura, mahali walipozoea kupumzika macho. Chini yao mabasi ya kampuni yalikuwa yamejipanga, na barabara kubwa ilikuwa imeshaganda kwa foleni. Alikuja na vitumbua vya dengu katika karatasi, mikono ya shati imekunjwa, uso umechoka lakini unacheka.

"Wateja wamekubali! Kila kitu! Kasoro zako arobaini na mbili zote wamesema zimekwisha. Kula, Lavi, bado vya moto."

"Jayanth ni nani?"

Kicheko kilimtoka usoni kama taa iliyozimwa. Alisimama na karatasi yake mkononi, mafuta yakipenya.

"Nani amekwambia?"

"Dada yako. Amepanda basi saa tatu nzima, amedanganya shuleni, amekuja kunieleza lililokushinda wewe unayekaa hatua sita kutoka kwangu."

"Vasudha alikuja hapa?"

"Alikuja kuniambia atamwacha mwanamume anayempenda ili mimi nikupate wewe. Ameniita wifi, Pranesh. Nimelisikia hilo neno kwa mara ya kwanza leo, na hivyo ndivyo nilivyolisikia."

"Nilikuwa natafuta njia."

"Karibu miezi mitatu?"

"Nilidhani watalainika. Nilidhani mambo yatajimaliza yenyewe."

"Ulikuwa unangoja mmoja wetu aseme. Ama dada yako aseme anaacha, ama mimi nisikie niseme naondoka. Yeyote, mradi usiwe wewe."

"Si kweli!"

"Basi niambie kweli ni ipi."

Pranesh aliketi kwenye ngazi. Vitumbua aliviweka pembeni. Alikuwa anatazama viatu vyake, na Lavina, aliyekuwa na hasira ya kutosha kuivunja ofisi nzima, alijikuta anataka kumshika kichwa amlaze kifuani. Akaikunja mikono yake ili isimwaibishe.

"Lile kovu umeliona?" Pranesh akauliza.

"Nimeliona. Ulisema ajali ya jikoni."

"Nilikuwa na miaka miwili. Yeye alikuwa na minane. Mama alikuwa ametoka uani, na sufuria la maziwa lilikuwa linachemka. Nikashika kitambaa kilichokuwa kinaning'inia kwenye sufuria, nikakivuta. Vasudha alinirukia akanilalia. Maziwa yakammwagikia yeye. Mimi sikupata hata lengelenge, Lavi. Hata moja."

Lavina alishikilia chuma cha ngazi.

"Na hajawahi kunitajia. Hata tulipokuwa watoto tunagombania peremende, hata nilipovunja saa yake, hajawahi kusema, mimi niliungua kwa ajili yako. Mara kumi na moja nimekaa sebuleni nikiwaona watu wanamtazama shingo. Mara kumi na moja nimewasindikiza mpaka getini." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningekwambiaje? Nilipofungua mdomo nilikuona unafurahia mapazia."

Kwa mara ya kwanza siku ile Lavina hakuwa na hasira na mtu. Ilimuuma zaidi. Hasira ilikuwa inamshikilia, na sasa imemwacha peke yake.

"Jumapili wanakuja," akasema.

"Najua."

"Chagua, basi."

"Siwezi. Nikimchagua yeye, mimi nimekwisha. Nikikuchagua wewe..."

"Maliza."

"Nikikuchagua wewe, kila nikikutazama..."

"Utaiona shingo yake," Lavina akamalizia.

Pranesh alifumba macho.

Chini, dereva wa basi alipiga honi mara mbili, na wafanyakazi wakaanza kukimbilia mlango.

"Tungoje," Pranesh akasema kwa haraka, kama aliyepata dawa. Alisimama akamshika mikono yote miwili. "Sikiliza, mpenzi. Wao waoane kwanza. Mwaka mmoja, miwili. Wakishatulia, nasi tunafunga ndoa yetu. Watafanya nini wakati huo?"

"Watamfanyia yeye. Watu ambao mzee wao alilazwa hospitali kwa ajili ya ndoa ya mtu mwingine, unadhani watasahau? Wewe utakuwa hapa Bengaluru na mimi. Dada yako atakuwa jikoni kwao, pengine na mtoto mkononi, na kila mlo atalishwa jina langu. Halafu hiyo miaka miwili mimi niwe nani? Nijifiche kama kitu ulichoiba?"

"Lavi, usinifanyie hivi."

"Wewe ndiye uliyetakiwa kusema maneno haya, Pranesh. Mwezi wa nane. Ungeniambia, tungelia wawili. Sasa nasema peke yangu."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo maana naongea haraka hivi, kabla sijageuka." Akajitoa mikononi mwake. "Mpigie mama yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mbele yangu. Ukienda nyumbani kufikiri, utafikiri mpaka Jumapili ipite, na dada yako atakuwa ameshasema neno lake."

Alidhani atakataa. Sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inaomba akatae, aitupe simu ile chini kwenye mabasi, aseme liwalo na liwe. Pranesh aliitoa simu mfukoni. Ilimchukua mara tatu kubonyeza jina.

"Mama. Ni mimi... Niko kazini, mzima. Mama, waambie kina Jayanth waje Jumapili kwa amani. Wapange tarehe." Akasikiliza. Sauti ya mama yake ilikuwa inatoka nyembamba na ya haraka, inauliza, inauliza tena. Pranesh alimtazama Lavina, machozi yakimtiririka mashavuni bila kuyafuta.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuna. Hakuna msichana yeyote."

Lavina alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Aliingia ndani kwa mlango wa ngazi, akachukua mkoba wake, akawahi basi la mwisho. Vitumbua vilibaki palepale.

*

Ijumaa asubuhi aliomba kuhamishwa kikosi. Meneja wao, mama mtu mzima asiyependa umbea, alimtazama juu ya miwani, akakitazama kiti cha Pranesh, akasaini bila kuuliza sababu. Orofa ya pili walimpa meza inayotazama ukuta.

Mchana ujumbe uliingia kutoka kwa Vasudha. *Pranesh anasema mmeachana kwa mambo yenu wenyewe, mimi simo. Ni kweli, wifi?*

Lavina aliandika akafuta, akaandika tena akafuta. Mwishowe akatuma: *Ni kweli, dada. Hatukuendana. Harusi ifanyeni wakati wa baridi.*

Jibu lilikawia nusu saa. *Siyaamini hayo,* Vasudha aliandika. *Lakini ahsante.*

Jumamosi jioni alipanda basi la kwenda Mangaluru, kwa mama yake. Safari ile alikuwa aende na Pranesh. Mama Philomena, mjane mwenye kichwa kigumu, alikuwa amemkataa kijana yule mwaka mzima, na ilimchukua mwaka mwingine kukubali kumwalika mezani. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Lavina alishika simu mara kadhaa ampe habari, na kila mara akairudisha mkobani.

Jumapili alipofika, mama alikuwa barazani, amevaa gauni lake la kanisani. Alimkumbatia binti yake, kisha akachungulia nyuma yake hadi kwenye lango.

"Yuko wapi? Amebaki na mizigo?"

"Haji, mama."

"Haji leo?"

"Haji."

Philomena Pinto alikuwa amezika mume na kulea mtoto peke yake. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimshika mkono akamwingiza ndani. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha Krismasi, sahani tatu, na bakuli zimefunikwa. Lavina akafunua moja moja. Dengu. Bamia. Malenge ya nazi. Wali mweupe. Samaki hakuwepo, wala nyama, katika nyumba ambayo Jumapili bila nyama haijulikani.

"Wanasema watu wa kwao hawali kitunguu wala saumu," mama yake akaeleza, anasogeza vijiko visivyohitaji kusogezwa. "Nilimuuliza yule mama wa duka la vitambaa, mtu wa dini yao, akanifundisha wiki tatu. Dengu za kwanza zilikuwa maji matupu. Hizi nadhani zimekubali."

Lavina alikaa. Macho yake yalikuwa makavu, kama yalivyokuwa tangu Alhamisi.

"Nipakulie, mama."

Mama aliiondoa sahani ya tatu, akairudisha kabatini, akampakulia. Wakala. Dengu zilikuwa nzuri, laini, na Lavina akasema hivyo, akaongezwa. Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza kriketi, na kengele ya misa ya pili ikapigwa.

Walipofika nusu ya chakula, Philomena akainuka. Kisu kilisikika jikoni, kikigonga ubao. Akarudi na kisahani, akakiweka katikati ya meza. Kilikuwa na kitunguu kibichi kilichokatwa vipande vyembamba, na ndimu pembeni, kama walivyozoea kula siku zote.

"Kula, mwanangu," akasema taratibu. "Tuko wenyewe."

Lavina alinyoosha mkono, akachukua kipande kimoja, akakitia kinywani. Hapo ndipo alipolia.